Sifuri

Kibirizi, saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Vipe vinarudi, taa zimeshazimwa,
wavuvi wana sauti za watu wasiolala.
Mimi nina mizani ya kuning'iniza,
kalamu mbili (moja huwa haiandiki),
na fomu yenye safu kumi na moja:
jina la chombo, idadi ya watu, aina ya wavu,
saa walizokaa majini, dagaa, migebuka, kuhe,
bei ya mwaloni, na nyingine
ambazo aliyezibuni hajawahi kulowa miguu.

"Andika beseni nne," ananiambia Ruhomvya.
Naona sita.
"Hizo mbili si za kuuza. Ni mboga."
Mboga ya nani, kilo thelathini?
Anacheka. Tunajuana. Dada yake ndiye aliyenisuka
siku ya harusi yangu.
Naandika sita.
Anaacha kucheka.

Ushuru una daftari lake, namwambia,
na mtu wake, yule mwenye kofia.
Langu halitozi faini.
Hanisikii. Kwake kalamu ni kalamu,
na kila kalamu iliyopita ufukweni hapa
iliondoka na kitu.

Nilipoanza kazi nilikabidhiwa kabati
lenye madaftari ya miaka sita ya Ntahondi,
aliyehamishiwa Uvinza. Mwandiko mzuri mno.
Kilo mia nne na ishirini.
Kilo mia nne na ishirini na tano.
Kilo mia nne na ishirini.
Jumatatu, sikukuu, siku ya mazishi ya mwenyekiti,
ziwa lilimlipa kama mshahara.
Nikachukua kalenda, nikatafuta siku za mbalamwezi,
dagaa wanapotawanyika na taa hazina kazi
na vipe vyote vinalala mchangani.
Kilo mia nne na ishirini.

Namba hizo zilikwenda Dodoma.
Zikajumlishwa, zikagawanywa, zikachorewa mstari
ulionyooka kama lami mpya,
na mtu fulani akaugusa kwa kidole, akasema:
ziwa halina neno.

Simlaani Ntahondi. Nimesimama kwenye mvua ya Machi
fomu ikigeuka uji mkononi.
Najua namba ya kubuni ilivyo tamu:
haina magamba, hainuki, haibishi.

Aliyenifundisha kuhesabu ni Mwamvita, muanika dagaa.
Ukuta wa stoo yake umejaa mkaa:
mstari kwa kila beseni alilonunua,
na siku nyingine, duara dogo, tupu.
"Hiyo ni nini?"
"Siku ambayo sikupata."
"Sasa unaandikaje usichopata?"
"Nikiacha wazi, kesho nitadhani niliumwa.
Hiyo inasema nilikuja, nikasimama, hapakuwa na kitu."

Shuleni tulifundishwa kuwa shairi ni vina na mizani.
Ninavyo vyote viwili:
vina vya ziwa, ambako kamba yangu haifiki,
na mizani yenye kutu inayozidisha robo kilo.
Robo hiyo naitoa kila mara,
kwa penseli, pembeni.

Mwezi ulipokuwa mpevu nilishuka ufukweni kama kawaida.
Vipe ishirini na tatu, vyote vikavu.
Nikaandika sifuri. Nikaandika nyingine chini yake.
Ofisi ilinirudishia karatasi: takwimu haijakamilika.
Nikairudisha: imekamilika.

Siku ya nne ya sifuri, Ruhomvya alikuwa anashona wavu,
uzi umebanwa kwa meno.
"Leo unaandika nini, na hakuna kitu?"
"Naandika hicho."
Akashona matundu mawili, matatu.
Akakata uzi.
"Ile Alhamisi," akasema bila kuniangalia,
"zilikuwa saba. Moja ilikuwa chini ya turubai."

Nikafunua kurasa nyuma hadi Alhamisi.
Nikakata sita, mstari mmoja, ili bado isomeke.
Nikaandika saba.
Nikatia sahihi, na tarehe ya leo.